Tarakea: Ukoo uliomtafuta bibi asiyeandikwa

Tarakea. "Rudia hapo," anasema shangazi, na mwalimu anarudia mstari tangu mwanzo.

Ni saa nne asubuhi katika wiki ya mwisho ya Desemba, kipindi ambacho Rombo hujaa magari yenye vumbi la kila mkoa, na kila kihamba kina moshi wa jiko la nje. Barazani kwa familia hii, mwendo mfupi kutoka barabara iendayo mpakani, kuna sanduku la bati la rangi ya bluu lililofunguliwa. Ndani yake zimo karatasi zilizofungwa kwa kamba ya mgomba: risiti za kodi, vyeti vya ubatizo, kitabu cha kahawa, kadi ya TANU, barua tatu na daftari moja ambalo jalada lake limeliwa na mende.

Shangazi ana umri wa miaka 83. Macho yake yanaona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo kazi yake ni kusikiliza. Binti wa kaka yake, mwalimu wa sekondari mkoani Dodoma mwenye miaka 29, anasoma daftari neno kwa neno na kuliandika upya kwenye kompyuta mpakato. Shangazi akisikia jina limetamkwa vibaya, anagonga sakafu kwa fimbo.

Daftari ni la marehemu babu, ambaye alikuwa katekista. Alianza kuliandika mwaka 1964 na akaendelea nalo hadi miaka ya 1970. Mwandiko wake ni mwembamba, umelalia kulia, na maneno ameyakata vipande kama walivyoandika wengi wa rika lake: "wali kuja", "tuli kaa", "ana zaa". Mwalimu ameamua kuyaacha hivyo hivyo. Anayenakili si mhariri, anasema, na akianza kumsahihisha babu herufi, kesho atamsahihisha na mambo.

Hilo la kumsahihisha babu mambo halikuwa mzaha. Katika ukurasa wa nne upo mstari ulioifanya Krismasi hii isifanane na nyingine. Babu ameandika juu yake mwenyewe: "Mimi nili zaliwa Laitokitok."

Loitokitok iko Kenya.

Mwisho wa lami ya Tanzania

Msafiri anayetoka Moshi mjini hufuata barabara kuu hadi Himo, akapandisha kushoto kwenda Marangu Mtoni, kisha akaanza kuuzunguka mlima kwa upande wa mashariki: Mwika, Mamsera, Mkuu, Usseri, na hatimaye Tarakea. Njiani kitu kimoja humshangaza mgeni. Kibo, kile kichwa cheupe kilichozoeleka kwenye picha na kalenda, kinajificha, na anayejitokeza ni Mawenzi, mweusi na mwenye meno, urefu wa mita 5,149. Kwa mtu wa Rombo, mlima ni Mawenzi kwanza.

Kadiri gari linavyokaribia Tarakea, migomba inapungua na baridi inaongezeka. Yanaanza mashamba ya mahindi, maharage na viazi, na upande wa juu msitu wa kupandwa wa misonobari. Upande wa chini nchi inafunguka ghafla kuwa mbuga kavu inayoelekea Amboseli. Katikati ya baridi ya juu na joto la chini ndipo ulipo mji wenyewe: malori ya nafaka, bodaboda, wabadilisha fedha, na simu inayokukaribisha nchi jirani kabla hujavuka. Ng'ambo ni Illasit. Ukiendelea kidogo ni Loitokitok.

Mpaka huo ulichorwa mezani mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi. Mapatano yao yalisema mstari upite katikati ya Taveta na nchi ya Wachagga, kisha uzunguke mguu wa kaskazini wa mlima. Waongoza watalii bado husimulia kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, lakini mjukuu huyo, Wilhelm II, alikalia kiti cha ufalme mwaka 1888, miaka miwili baada ya mstari kuchorwa.

Kwa miongo mingi baadaye mstari haukumzuia hata mbuzi. Watu wa Rombo walishuka mbugani kutafuta mifugo na malisho, na wa mbugani walipanda kutafuta ndizi, ulezi na mahali pa kukimbilia njaa. Koo nyingi za mlima huu husimulia kwamba mtu wao wa kwanza alitoka kwingine: Ukambani, Usambara, Taita, Umasaini. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, aligusia asili hizo katika kitabu chake cha mwaka 1924. Kabla yake Nathaniel Mtui, mwalimu wa Kichagga kutoka Marangu, alikuwa amejaza madaftari kadhaa ya historia ya mlima kwa mkono wake mwenyewe, na mwanahistoria Kathleen Stahl aliyategemea alipoandika kitabu chake cha mwaka 1964. Kwa hiyo katekista wa Tarakea aliyeketi na kalamu kuandika ukoo wake hakuwa akifanya jambo geni.

Swali la dirishani

Baba mdogo alizaliwa Tarakea mwaka 1959. Mwaka 1983 alivuka kwenda Nairobi kutafuta kazi ya uashi, akakaa huko zaidi ya miaka 30, na hakuwahi kuomba uraia wa Kenya. Aliporudi nyumbani uzeeni alikwenda kuomba Kitambulisho cha Taifa. Katika wilaya za mpakani maswali huwa mengi kuliko kwingine, na kwa mtu aliyeishi ng'ambo miaka yote hiyo yakawa mengi zaidi. Aliulizwa kwa adabu: Baba yako alizaliwa wapi? Mama yako je?

Hakuwa na jibu la maandishi. Wala si ajabu. Kwa sehemu kubwa ya utawala wa kikoloni kuandikisha kizazi hakukuwa lazima kwa Mwafrika, na watu wa umri wa wazazi wake wana tarehe za "mwaka wa nzige" na "mwaka wa vita".

Swali lenyewe lina mizizi katika sheria iliyoanza kazi siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961. Kwa kifupi, aliyezaliwa Tanganyika kabla ya siku hiyo alipata uraia moja kwa moja ikiwa angalau mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Tanganyika. Baba mdogo alizaliwa Tarakea. Hilo lina mashahidi. Kilichobaki ni mzazi. Na sasa hapa kuna babu, kwa mkono wake, akisema alizaliwa upande wa pili.

"Ruka hapo," baba mdogo alimwambia mwalimu jioni ile mstari ulipoonekana. "Nani atajua? Hata hilo daftari lenyewe nusu limeliwa."

Mwalimu alinyamaza. Aliyejibu ni shangazi. "Baba amesimama mbele ya altare miaka na miaka akiwafundisha watu amri kumi," alisema. "Leo wewe unataka kumfanya aseme uongo akiwa kaburini?"

Hakuna aliyekula vizuri usiku huo, na mbege iliyopikwa kwa ajili ya wageni ilibaki. Ni rahisi kumlaumu baba mdogo ukiwa na kitambulisho mfukoni. Bila namba hiyo hata laini ya simu ni shida kusajili, na yeye ana miaka 66 na goti linalohitaji hospitali.

Asubuhi mwalimu alirudi kwenye maneno ya sheria yenyewe. Angalau mmoja wa wazazi. Basi mama yake baba mdogo, yaani bibi, alizaliwa wapi?

Daftari halikusaidia. Mwalimu alikuwa amehesabu majina yote yaliyomo, akapata 61. La mwanamke lilikuwa moja: Bikira Maria, katika sala ya ukurasa wa kwanza. Wanawake wengine wote ni "mke wake" na "mama watoto". Bibi aliyezaa watoto wanane na kuzikwa hatua 20 kutoka barazani pale ametajwa mara moja tu, katika orodha ya matukio ya mwisho wa daftari: "1971 mama watoto ana shika ukuta."

Shangazi alilijua jina la mama yake la ubatizo na jina lake la nyumbani. Alijua pia kwamba kwao ni Useri. Jina la ubatizo la babu mzaa mama hakulijua, wala mwaka. (Familia imeomba majina yasiandikwe hapa, kwa kuwa suala la baba mdogo bado liko mezani.)

Karatasi inavyosema umri wake

Kabla ya kwenda parokiani, mwalimu alizipanga karatasi za sandukuni kwa miaka. Kazi hii si ngumu kama wengi wanavyodhani, ila inataka subira. Risiti isiyo na mwaka husemwa na fedha yake: ikiandikwa rupia, ni ya kabla ya shilingi ya Afrika Mashariki iliyoingia mwaka 1921. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, hivyo hakuna risiti ya kodi itakayotangulia hapo. Kitabu cha kahawa hujitambulisha kwa jina la chama: KNPA ilianzishwa mwaka 1925, na KNCU ikachukua nafasi yake mwaka 1933.

Majina nayo yana mtego wake. Kwa desturi ya wengi mlimani, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Matokeo yake jina moja linarudi kila baada ya kizazi kimoja, na anayenakili haraka huwaunganisha mtu na mjukuu wake wakawa mtu mmoja aliyeishi miaka 110. Mwalimu aliwapa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila penye shaka akaacha alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu ilitumika sana.

Mwanzo wa ukoo, kwa maneno ya daftari, ni ndugu wawili waliokuja "mwaka wa njaa ile kubwa ya Wakamba". Wakamba wenyewe huiita njaa hiyo Ngomanisye, na ilikuwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mmoja, babu anaandika, alipanda Rombo na kupewa mahali pa kupanda migomba. Mwingine "ali rudi kwao". Huyo hatajwi tena.

Vitabu vya Kilatini

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891 na Kibosho mwaka 1893, na Rombo ikafuata kabla ya karne kwisha. Wengi wa wale wa mwanzo walikuwa Wafaransa na watu wa Alsace, na popote walipokaa waliandika vitabu: cha ubatizo, kipaimara, ndoa na marehemu, vyote kwa Kilatini. Kwa familia nyingi za Rombo hayo ndiyo maandishi ya kwanza kabisa yenye jina la mtu wao.

Paroko wa moja ya parokia kongwe za huko aliwapokea baada ya misa ya asubuhi. Masharti yake yalikuwa mafupi: hakuna picha, hakuna wino, mikono mikavu, na yeye mwenyewe atakuwepo. Kitabu kililetwa kimefungwa kwa kitambaa. Kurasa zake zilikuwa za manjano, kingo zikipukutika kama maganda ya vitunguu, na kila mstari ulikuwa na namba.

Mtu asiye na Kilatini anaweza kuvisoma vitabu hivi kwa maneno machache tu. Filius ni mwana, filia ni binti, patrinus ni baba wa ubatizo. Circiter maana yake "kama", na hutokea kila mtu mzima anapobatizwa: kama miaka 16, kama miaka 20. Umri huo padri aliukadiria kwa kumtazama mtu, na leo watu huunukuu kana kwamba ulitoka kwa mkunga. Mtego mkubwa zaidi ni miisho ya majina. Petrus ni Petro, lakini "mwana wa Petro" huandikwa filius Petri, na wengi wamejaza miti ya ukoo kwa mtu aitwaye Petrus na kaka yake wa kubuni aitwaye Petri. Kisha kuna sikio la padri mgeni: jina moja la Kirombo katika kitabu hiki limeandikwa kwa namna tatu na mkono uleule ndani ya miaka miwili.

Babu alipatikana mapema. Alibatizwa akiwa kijana, circiter 16 annorum, na mahali pa kuzaliwa padri hakuandika. Si msaada, lakini pia hakuna kilichokanusha daftari.

Bibi alichukua siku mbili. Mwalimu alikuwa akimtafuta kwa jina, na majina ya watakatifu ni machache kuliko watoto. Aliyefungua njia ni paroko. Alimwambia asitazame katikati ya ukurasa, atazame pembeni. Tangu mwaka 1908 Kanisa liliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, habari hiyo irudishwe na kuandikwa kando ya jina lake katika kitabu cha ubatizo. Ukimjua mume, utampata mke.

Saa tano ya siku ya pili walimwona. Pembeni, kwa mwandiko mwingine wa miaka ya baadaye, kulikuwa na ndoa ya mwaka 1939 na jina la babu, kamili. Lakini mwaka wa ubatizo ulisomeka 1927, naye alibatizwa akiwa mchanga. Ingekuwa kweli, aliolewa na miaka 12.

"Mama hakuolewa mtoto," shangazi alisema kwa simu kutoka nyumbani, kwa sauti iliyosikika ofisi nzima. "Alikuwa mkubwa, alikuwa anabeba mtungi wa watu wazima. Someni vizuri."

Walisoma vizuri. Mwandishi alikuwa Mfaransa, na moja ya Kifaransa huanza na mkwaju mrefu unaopanda, ikafanana na saba yetu. Saba yake halisi ina kistari katikati. Walipanda ukurasa hadi juu na kushuka hadi chini, wakalinganisha kila moja na kila saba, na mistari ya jirani yote ilikuwa ya mwaka 1921. Mwaka 1921, basi. Bibi arusi alikuwa na miaka 18.

Mstari wenyewe una mengi kwa urefu wake. Binti, jina la baba, bado hajabatizwa, jina la mama, na hili limeandikwa wazi kwa Kirombo, bila mwisho wa Kilatini, wa Useri. Kisha maneno matatu, in periculo mortis, katika hatari ya kufa. Mtoto alibatizwa nyumbani, na aliyembatiza ni katekista, si padri. Katika ukurasa ule mistari ya namna hiyo ipo saba, na mitano ina msalaba mdogo pembeni. Wa bibi hauna msalaba. Una maelezo kwamba wiki sita baadaye aliletwa kanisani kukamilishiwa taratibu zilizobaki. Alipona. Alipona nini, kitabu hakisemi. Zama hizo mtoto mchanga mlimani angeweza kuondoka kwa homa, kuhara, surua au kifaduro, na chanjo ilikuwa bado ni ndoto.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Mwalimu alipomwambia, aliuliza jambo moja tu: "Useri hii ya kwetu?" Hii ya kwetu. Tanganyika.

Paroko aliandika cheti, akapiga mhuri.

Mama anashika ukuta

Mstari mwingine uliotaka kusomwa upya ulikuwa ule wa daftari. "1971 mama watoto ana shika ukuta." Mwaka huo bibi alikuwa na miaka 50. Shangazi anakumbuka vizuri: mama yake alianza kugonga vitu vilivyokuwa kando, akawa anaona mbele kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na mwisho akatembea kwa kupapasa. Walisema ni moshi wa jikoni. Wengine walisema mengine.

Shangazi mwenyewe alianza hivyo hivyo akiwa na miaka 60 na kitu, na alipofika kwa daktari aliambiwa ni presha ya macho, ugonjwa ambao madaktari huuita glakoma. Huu huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, polepole na mara nyingi bila maumivu, ukianzia pembeni. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi. Kinachowezekana ni kuuwahi na kuuzuia kwa dawa au upasuaji. Mtu ambaye mzazi, kaka au dada yake anao yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko wengine, na kwa watu wa asili ya Afrika huanza mapema na kwenda kwa kasi.

Watoto wanane wa bibi wana watoto na wajukuu zaidi ya 40, na kabla ya Krismasi hii hakuna hata mmoja aliyewahi kuunganisha ukuta wa mwaka 1971 na fimbo ya shangazi. Daktari akiuliza "kwenu kuna mwenye tatizo la macho?", walijibu hapana, kwa sababu "kwenu" walielewa ni upande wa wanaume wa daftari. Baba mdogo na wenzake wawili wameshapanga kwenda idara ya macho ya KCMC, Moshi. Kipimo cha presha ya jicho ni cha dakika chache, na mtu mwenye historia hiyo nyumbani anashauriwa asingoje hadi aone vibaya.

Ng'ambo

Tarehe 30 mwalimu na baba mdogo walivuka kwenda Illasit kwa hati za kusafiria za muda, kumwona mzee wa miaka 78 ambaye siku zote wamemwita ndugu bila kujua undugu wenyewe unapitia wapi. Mzee hana daftari. Ana mdomo, na wajukuu wameandika anayosema kwenye simu.

Orodha mbili zilisomwa kwa zamu mezani, juu ya chai ya maziwa. Majina manne ya mwanzo yalilingana. La tano lilikataa. Kisha wakafika kwa yule ndugu aliyerudi kwao.

"Hakurudi," mzee alisema. "Alibaki hapa na ng'ombe. Sisi ndio yeye." Ndipo kuzaliwa kwa babu Loitokitok kukaeleweka: ulikuwa mwaka wa ukame, na baba yake alishusha mifugo kwa kaka, mke akiwa mjamzito. Walikaa miezi, wakapanda tena. Mzee alicheka kidogo. "Hapa sisi tunaitwa Wachagga. Huko kwenu si mlikuwa mnaitwa Wakamba?" Baba mdogo alikiri kwamba shuleni alipigana kwa ajili ya neno hilo.

Mwalimu aliuliza jina la huyo mama mjamzito. Mzee alitazama dari. Aliyejibu ni mke wake, akiwa mlangoni na sufuria mkononi: jina hakulijua, lakini mama mkwe wake alikuwa akisema wake wote wawili wa wale ndugu walitoka Useri, nyumba moja, mtu na dada yake. Mwalimu aliyaandika hayo kama yalivyo, akaongeza nani kasema, wapi na tarehe gani, na mbele yake alama nyekundu ya kuuliza. Jina la tano nalo limebaki na alama yake.

Baba mdogo anarudi dirishani wiki ya pili ya Januari. Bahasha yake ina cheti cha mama yake chenye mhuri wa parokia, barua ya mtendaji wa kijiji, na nakala ya daftari iliyochapwa, ukurasa wa nne ukiwemo na mstari wa Laitokitok ukiwa mahali pake. Shangazi amesema atakwenda naye. Kama wana swali kuhusu mama, anasema, wamuulize yeye.